Kabila Katika Daftari la Karani

Mnamo Oktoba 1890 afisa Mwingereza aitwaye Frederick Lugard alisimama kwenye ukingo wa msitu, pale ambapo mashamba ya Wakikuyu yalikoma na mbuga za Wamaasai zikaanza. Akala kiapo cha udugu na Waiyaki wa Hinga, akajenga boma la Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, kisha akashika njia ya Uganda. Mahali hapo ni Dagoretti. Udugu wenyewe haukufika mbali. Watu wa boma walipora vyakula na mifugo ya wenyeji, boma likashambuliwa na kuhamwa, na Agosti 1892 Waiyaki akakamatwa katika boma jipya la Fort Smith. Alisafirishwa kuelekea pwani akiwa mfungwa, akafia Kibwezi. Barabara kuu itokayo Westlands kwenda Kikuyu imepewa jina lake, na kwa miaka mingi wakimbizi wa nchi za Maziwa Makuu wameifuata barabara hiyohiyo kwa miguu wakienda kutafuta barua ya shirika la wakimbizi, UNHCR. Safari yao ndiyo itakayosimuliwa hapa, lakini haiwezi kuanzia kwao.

Dagoretti ya wakati huo ilikuwa mpakani, na watu wa mpakani huwa na majina zaidi ya moja. Wakikuyu na Wamaasai walipigana, wakaoana, wakauziana ngozi, maziwa na mtama. Ukame, ndui na sotoka vilipoiangamiza nchi katika miaka ya 1897 hadi 1899, familia za Wamaasai ziliwaweka wanawake na watoto wao kwa Wakikuyu ili wapate chakula, na wengi hawakurudi tena. Walilima, wakatahiriwa pamoja na marika ya wenyeji wao, na wajukuu wao wakawa Wakikuyu bila ya kuandikiwa cheti. Hata Waiyaki mwenyewe husimuliwa kuwa na asili ya Kimaasai. Kabila lilikuwepo, na watu waliuana kwa ajili yake, lakini mtu aliweza kuliingia na kulitoka katika umri wa kizazi kimoja au viwili.

Ng'ambo ya Ziwa Victoria, katika milima ya Rwanda, mambo yalikuwa yamekwenda kwa namna inayofanana na hii, ingawa huko palikuwa na dola. Mwami, yaani mfalme, wa ukoo wa Wanyiginya alitawala watu waliosema lugha moja, Kinyarwanda, wakamwomba Mungu mmoja, Imana, na kuishi vilima vilevile. Palikuwa na majina matatu: Watutsi, ambao wengi wao walihesabu utajiri kwa ng'ombe, Wahutu, ambao wengi wao walilima, na Watwa wachache, wawindaji na wafinyanzi. Neno ambalo leo hutafsiriwa kuwa kabila, yaani ubwoko, zamani lilimaanisha ukoo, na koo kubwa kama Wasinga na Wazigaba zilikuwa na Wahutu, Watutsi na Watwa ndani yake. Kinyarwanda kina hata kitenzi cha jambo hilo: kwihutura, kuuvua Uhutu. Mhutu aliyepata ng'ombe, wafuasi na kibali cha wakubwa aliweza kuuvua. Mtutsi aliyefilisika naye aliteremka.

Hata hivyo asidanganyike mwanafunzi wa historia na wale wanaosema kwamba paradiso ilivunjwa na Mzungu. Mwami Kigeli IV Rwabugiri, aliyefariki 1895, aliipanua dola kwa vita mfululizo, na watu wake ndio waliolipia. Chini yake ulienea uburetwa, kazi ya lazima kwa chifu, na kazi hiyo waliibeba Wahutu peke yao. Ubuhake, mkataba wa mtu kupewa ng'ombe na kumtumikia mwenye ng'ombe, angalau ulikuwa na heshima ya makubaliano. Uburetwa haukuwa na heshima yoyote. Mwanahistoria Jan Vansina ameonyesha kwamba hapo ndipo maneno Mhutu na Mtutsi yalipoanza kukata kama kisu, kabla ya Mjerumani kujenga hata nyumba moja. Ufa ulikuwa umeshaingia ukutani wakati mgeni alipobisha hodi.

Mgeni naye alikuja na nadharia mkobani. John Hanning Speke, katika kitabu chake cha 1863 kuhusu chanzo cha mto Nile, alidai kwamba watawala wafugaji wa nchi za maziwa walitoka kaskazini, wa damu bora kuliko wakulima waliowatawala. Dai hilo halikuwa na ushahidi ila umbo la pua na urefu wa mtu. Wajerumani walioitwaa Rwanda na Burundi mwishoni mwa karne ya 19 walilikubali kwa sababu liliwapunguzia kazi: kama Watutsi wamezaliwa kutawala, basi atawaliwe Mwami na wengine watafuata. Richard Kandt alianzisha Kigali mwaka 1907 akiwa na maafisa wachache mno, na shughuli za boma zikaendeshwa kwa Kiswahili kilichopanda kutoka pwani pamoja na askari na wafanyabiashara. Wasomaji wetu wa leo wanaokutana na Mrundi wa Buyenzi mjini Bujumbura au Mnyarwanda wa Biryogo mjini Kigali akisema Kiswahili kizuri kuliko cha Nairobi wanasikia mwangwi wa zama hizo.

Wabelgiji waliingia 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na baadaye wakakabidhiwa nchi hizo mbili na Shirikisho la Mataifa. Kile ambacho Wajerumani walikisema kwa mdomo, Wabelgiji walikiweka katika maandishi. Katika mageuzi ya miaka ya 1926 hadi 1931 machifu Wahutu waliondolewa karibu wote, uchifu ukawa wa Watutsi, na nafasi nyingi za shule za serikali zikaenda kwa watoto wa machifu hao. Uburetwa ukaendelea, sasa ukisimamiwa na kiboko cha serikali. Mwami Musinga aliyekataa kubatizwa aliondolewa Novemba 1931, na mwanawe Rudahigwa akatawazwa mahali pake. Kisha, mwaka 1933 na 1934, wakafanya sensa na kumpa kila mtu mzima karatasi yenye jina la kabila lake.

Hapa inafaa tutue mzigo kidogo. Wengi husimulia kwamba mwenye ng'ombe kumi aliandikwa Mtutsi na mwenye pungufu akaandikwa Mhutu. Kisa hicho kinapendwa kwa kuwa kinachekesha na kuliza kwa pamoja, lakini kwa sehemu kubwa makarani waliandika vile watu walivyojitaja, au vile chifu na padri walivyowataja. Hilo ni jambo zito zaidi. Watu wenyewe walisema neno lililokuwa likimaanisha hali yao ya mwaka ule, na karani akaliandika kana kwamba linamaanisha damu yao ya milele. Mtoto akarithi karatasi ya baba. Kwihutura kukabaki kitenzi cha wazee.

Kenya nayo ilikuwa na karatasi yake. Sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya vita, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 kubeba kipande: jina, kabila, alama za vidole, mwajiri na mshahara, vyote ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inia shingoni. Wanaume wa Riruta na Waithaka huko Dagoretti, ambao ardhi yao ilipakana na mashamba ya walowezi, walikivaa kila asubuhi wakielekea mjini kwa miguu. Walikilinganisha na kengele ya mbuzi. Kikafutwa mwaka 1947 baada ya upinzani mrefu, lakini desturi ya kumsoma mtu kabla ya kumsalimu haikufutwa. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil dhidi ya Mau Mau, majeshi ya Waingereza yaliizingira Nairobi na kuwapanga watu mistari kwa kabila. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wengine, wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho, na makumi ya maelfu wakapelekwa kambini. Vijiji vya Dagoretti vya wakati wa Hali ya Hatari, vilivyozungushiwa mitaro na kuwekewa amri ya kutotembea, ndivyo mitaa ya leo. Mwaka 1963 mpaka wa jiji ukasogezwa ukaimeza Dagoretti, na wenye mashamba madogo wakaanza kujenga ploti za vyumba vya mabati kwa ajili ya wapangaji watokao kila pembe ya nchi. Hawakujua kwamba wapangaji wengine wangetoka nje ya nchi.

Rudi sasa Rwanda. Tarehe 24 Machi 1957 wasomi tisa Wahutu, Grégoire Kayibanda miongoni mwao, walitoa tamko lililokuja kuitwa Ilani ya Wahutu. Malalamiko yao mengi yalikuwa ya haki: ardhi, shule, kazi, uchifu. Lakini ndani yake mna ombi moja ambalo kila mtu anayefuatilia habari hii hana budi kulisoma mara mbili. Walipinga kuondolewa kwa maneno Mhutu, Mtutsi na Mtwa kwenye vitambulisho, wakihofu kwamba takwimu za uonevu zingepotea pamoja nayo. Aliyeonewa kwa karatasi aliishika karatasi hiyo iwe ushahidi wake. Nadharia ya Speke nayo ikageuzwa juu chini: kama Watutsi walitoka kwingine, basi ni wageni, na wageni warudi kwao.

Mambo yakaenda mbio. Rudahigwa alifariki ghafla mjini Bujumbura Julai 1959. Tarehe 1 Novemba mwaka huo kiongozi Mhutu, Dominique Mbonyumutwa, alipigwa na vijana Watutsi, uvumi ukaenea kwamba ameuawa, na nyumba za Watutsi zikaanza kuwaka moto. Wabelgiji, waliowalea Watutsi kwa miaka arobaini, walibadili upande katika muda wa miezi. Ufalme ukafutwa 1961, uhuru ukaja tarehe 1 Julai 1962 Kayibanda akiwa rais, na kufikia 1964 wakimbizi waliokadiriwa kupita 300,000 walikuwa Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Baadhi yao waliposhambulia kutoka Burundi Desemba 1963, Watutsi waliobaki ndani waliuawa kwa maelfu, hasa Gikongoro. Wavamizi hao waliitwa inyenzi, mende. Neno hilo halikusahauliwa.

Burundi ilipita njia iliyo kinyume, kama kioo. Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyewaunganisha watu wa pande zote, alipigwa risasi Oktoba 1961. Waziri mkuu Mhutu, Pierre Ngendandumwe, akauawa Januari 1965. Jeshi likabaki mikononi mwa Watutsi, na mwaka 1972, baada ya uasi wa Wahutu kusini mwa nchi, jeshi hilo lilijibu kwa kuwaua Wahutu waliosoma: walimu, makarani, mapadri, wanafunzi wa sekondari walioitwa kutoka darasani kwa orodha. Makadirio ya waliokufa ni kati ya 100,000 na 300,000. Walionusurika walifungua mashamba katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo huko Tanzania, nchi ambayo miaka arobaini baadaye ilikuja kuwapa uraia zaidi ya 160,000 kati yao na uzao wao. Kila upande sasa ulikuwa na makaburi ya kuonyesha. Mhutu wa Rwanda alipoambiwa asimwogope Mtutsi, alinyoosha kidole Burundi. Mtutsi wa Burundi alipoambiwa agawane madaraka, alinyoosha kidole Rwanda.

Juvénal Habyarimana alimpindua Kayibanda tarehe 5 Julai 1973. Mauaji yakatulia, karatasi ikafanya kazi mchana kutwa: nafasi za shule na za serikali zilitolewa kwa mgao wa kabila kama lilivyoandikwa. Waliokuwa nje walikatazwa kurudi, kwa hoja kwamba nchi imejaa. Huko Uganda serikali ya Obote iliwafurusha Wanyarwanda wa Ankole mwaka 1982, na hapo Nairobi inaingia katika hadithi. Chama cha wakimbizi kilichoitwa RANU, kilichozaliwa Kampala, kilihamia uhamishoni Nairobi kati ya 1981 na 1986. Wasomi wake walifundisha shuleni, wakafanya kazi ofisini, wakakutana sebuleni kwa vikombe vya chai na makabrasha. Wenzao walikuwa msituni na Yoweri Museveni, wakipigana na Obote. Museveni aliposhinda, RANU ikarudi Kampala, na Desemba 1987 ikawa RPF. Tarehe 1 Oktoba 1990 wanajeshi wake walivuka mpaka Kagitumba. Kamanda wao, Fred Rwigyema, aliuawa siku ya pili, na Paul Kagame akashika uongozi wa vita.

Novemba 1990 Habyarimana alitangaza kwamba kabila litaondolewa kwenye vitambulisho. Halikuondolewa. Badala yake gazeti la Kangura la Hassan Ngeze lilichapisha amri kumi za kumtenga Mtutsi kitandani, dukani na jeshini. Vijana wa kundi la wanamgambo la Interahamwe walianza mazoezi. Mkataba wa Arusha wa Agosti 1993 uligawa madaraka, lakini Oktoba mwaka huo wanajeshi Watutsi wa Burundi walimuua Melchior Ndadaye, rais Mhutu aliyechaguliwa miezi michache tu nyuma, na wahubiri wa chuki wa Kigali wakapata hoja waliyokuwa wakiitafuta. Redio RTLM, ambayo tajiri Félicien Kabuga alikuwa mfadhili na mkuu wake, iliisema hoja hiyo asubuhi na jioni, kwa muziki mzuri na mizaha.

Ndege ya Habyarimana ilidunguliwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994. Kabla ya jua la siku ya pili vizuizi vilikuwa barabarani, na katika kila kizuizi neno la kwanza lilikuwa moja: kitambulisho. Waliokuwa na neno Mtutsi waliuawa. Waliokitupa waliuawa kwa kukosa. Wahutu waliopinga mauaji waliuawa pia, waziri mkuu Agathe Uwilingiyimana akiwa wa mwanzo. Makanisa, yaliyokuwa kimbilio mwaka 1959, yakageuka mitego. Umoja wa Mataifa ulipunguza askari wake hadi 270. Katika siku takriban mia moja waliuawa watu ambao Umoja huo uliwakadiria 800,000, na ambao Rwanda yenyewe huwahesabu kuwa zaidi ya milioni moja. Mto Kagera ulizibeba maiti hadi Ziwa Victoria, na wavuvi wa Uganda wakazizika Kasensero, Lambu na Ggolo. Biryogo, mtaa wa Waswahili wa Kigali, ulikuwa miongoni mwa mahali ambapo wengi waliwaficha majirani zao. Isisemwe, hata hivyo, kwamba dini ilitosha kuwa kinga: Ngeze alikuwa Mwislamu. Wala isisemwe kwamba karatasi ndiyo iliyoua. Mapanga yalishikwa na majirani waliojuana kwa majina, na vijijini hapakuhitajika karatasi. Lakini mjini, ambako mtu hamjui mwenzake, kazi ya karani wa 1933 ilimrahisishia muuaji wa 1994.

RPF iliitwaa Kigali tarehe 4 Julai. Zaidi ya watu milioni moja, wengi wao Wahutu, walikuwa wamevuka au walivuka kwenda Zaire na Tanzania, wauaji na wasiokuwa na hatia katika msafara mmoja. Nairobi ikapokea sampuli ya kila kundi. Walioshuka kwa ndege na fedha walipanga nyumba Kilimani na Kileleshwa, sehemu ya juu ya Dagoretti yenye lami na walinzi. Walioshuka kwa basi au lori, manusura Watutsi na wakulima Wahutu, walitelemka kwenye matatu za namba 46 hadi Kawangware, au wakaendelea Riruta Satellite na Kabiria, ambako chumba cha mabati kilipatikana kwa bei ya kuuza vitenge na mboga. Majirani Wakenya hawakuwatofautisha. Wote walikuwa Warwanda, na baadaye wote wakawa Wakongo. Mjane na mtu aliyemwogopa waliweza kuteka maji kwenye bomba moja, kila mmoja akijua mwenzake ni nani, na mwenye ploti asijue lolote. Sidhani kama kuna upofu uliowahi kuwa na faida kama huo, wala ulioficha hofu nyingi kiasi hicho.

Rais Moi wa Kenya alikuwa rafiki wa Habyarimana na hakuwapenda washirika wa Museveni. Umoja wa Mataifa ulipounda mahakama ya Rwanda mnamo Novemba 1994, ikawekwa Arusha, umbali wa mwendo wa saa chache kwa basi kutoka Nairobi, Moi alionya Oktoba 1995 kwamba wapelelezi wa mahakama hiyo wakija kutafuta watu Kenya watakamatwa wao. Kwa miaka mitatu waliotuhumiwa waliishi mjini bila kificho kikubwa. Kisha upepo wa siasa ukageuka. Moi na Kagame wakaonana, na tarehe 18 Julai 1997 ikafanyika operesheni iliyoitwa NAKI, kwa herufi za mwanzo za Nairobi na Kigali. Kwa siku moja walikamatwa watu saba. Alikuwemo Jean Kambanda, waziri mkuu wa serikali ya mauaji. Alikuwemo Hassan Ngeze wa Kangura. Alikuwemo Pauline Nyiramasuhuko, waziri wa mambo ya wanawake, ambaye mwanawe wa kiume alikamatwa siku chache baadaye. Kambanda alikiri makosa Mei 1998 na kupewa kifungo cha maisha Septemba mwaka huo, mkuu wa kwanza wa serikali kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari. Nyiramasuhuko alitiwa hatiani 2011, mwanamke wa kwanza kwa kosa hilo katika mahakama za aina hiyo.

Kulikuwa na wawindwaji wa namna nyingine. Seth Sendashonga, Mhutu aliyejiunga na RPF, alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa serikali mpya hadi Agosti 1995, alipoachishwa baada ya kulalamikia mauaji ya Wahutu yaliyofanywa na jeshi la washindi. Akakimbilia Nairobi. Februari 1996 alipigwa risasi akapona. Mwanadiplomasia wa Rwanda alikamatwa akiwa na bastola, Kigali ikakataa kumwondolea kinga, na Kenya ikaufunga ubalozi wa Rwanda. Oktoba mwaka huo Kanali Théoneste Lizinde, Mhutu mwingine aliyekuwa ameachana na RPF, aliuawa mjini. Tarehe 16 Mei 1998 Sendashonga naye aliuawa kwenye Forest Road, ndani ya gari la Umoja wa Mataifa, pamoja na dereva wake. Washtakiwa watatu waliachiliwa na mahakama mwaka 2001.

Kabuga hakupatikana. Aliponyoka operesheni ya 1997, na Marekani ikatangaza zawadi ya dola milioni 5. Januari 2003 mwanahabari Mkenya, William Munuhe, aliyesemekana kuwasaidia Wamarekani kumnasa, alikutwa amekufa nyumbani kwake Karen. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Nairobi ilizuia mapato ya nyumba za familia ya Kabuga huko Kilimani: kodi zilikuwa zikilipwa mwezi kwa mwezi, na mwenye nyumba hajulikani aliko. Alikuja kukamatwa karibu na Paris mwaka 2020, na tarehe yenyewe ilikuwa 16 Mei, ileile aliyouawa Sendashonga miaka 22 nyuma. Historia haina kalenda ya makusudi, lakini wazee wa Riruta wa asili ya Rwanda waliliona hilo kabla ya magazeti. Kesi ilisimamishwa 2023 kwa kuwa akili ya mzee huyo haikuweza tena kuifuata.

Moto ulikuwa umeshahamia Kongo. Majeshi ya Rwanda yalivunja kambi za wakimbizi mwishoni mwa 1996, mamia ya maelfu wakarudi kwao, wengine wakafukuzwa msituni, na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 iliandika mauaji makubwa ya wakimbizi Wahutu katika vita hivyo. Kwa upande mwingine, Wanyamulenge, wafugaji wa Kivu Kusini wanaosema lugha ya jamii ya Kinyarwanda, waliambiwa si Wakongo bali ni Watutsi, na kwamba warudi walikotoka, maneno yaleyale ya miaka ya 1950. Agosti 2004 zaidi ya 150 kati yao waliuawa kambini Gatumba, Burundi. Jamaa zao ni miongoni mwa watu wanaojaza leo makanisa ya mabati ya Kawangware na Kabiria, ambapo Jumapili ibada huanza kwa Kiswahili cha Uvira na kumalizika kwa Kinyamulenge. Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, simu za mtaa huo hazikulala.

Dagoretti yenyewe haikuwa mahali pa kumfundisha mtu kusahau. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Wakenya 1,133 waliuawa kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyochunguza ghasia hizo, na katika barabara za Naivasha na Nakuru vijana walisimamisha matatu na kudai kitambulisho. Kitambulisho cha Kenya hakitaji kabila. Kinataja jina, na mahali pa kuzaliwa, na hayo yalitosha. Kawangware, ambako wenye ploti wengi ni wa kabila moja na wapangaji wengi ni wa makabila mengine, ilichomeka wakati ule, ikachomeka tena Oktoba 2017 baada ya marudio ya uchaguzi wa urais. Watangazaji wa redio za lugha za mama walinyooshewa kidole, na mmoja wao, Joshua arap Sang, alifika mahakamani The Hague kabla ya kesi yake kukatizwa Aprili 2016. Mnyarwanda aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma kando ya Naivasha Road hakuhitaji mkalimani wa mambo hayo.

Rwanda iliondoa kabila kwenye vitambulisho baada ya mauaji ya kimbari. Mahakama za kijamii za gacaca zilifungwa Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi zaidi ya milioni moja, na kutaja Uhutu au Ututsi hadharani kunaweza kumpeleka mtu kortini. UNHCR ilishauri kwamba hadhi ya ukimbizi ya Wanyarwanda waliotoka kabla ya 1999 ikome, na tarehe ya mwisho iliyopendekezwa ikawa 31 Desemba 2017. Wengi wa Dagoretti hawakurudi. Wapo waliooa hapa, wapo wanaoogopa waliobaki kule, wapo ambao shamba lao lina mtu mwingine. Mwaka 2012 serikali ya Kenya iliamuru wakimbizi wote wa mijini waende Dadaab na Kakuma. Mahakama Kuu iliitengua amri hiyo Julai 2013, na sheria mpya ya wakimbizi ya 2021 ikawafungulia njia ya kufanya kazi, njia ambayo bado ina vizuizi vyake.

Kila baada ya muda wakimbizi wa Dagoretti hupanda matatu alfajiri hadi Shauri Moyo, kupanga foleni kwenye ofisi ya serikali inayoshughulikia wakimbizi. Karani wa siku hizi ana kompyuta, ni kijana, mara nyingi ni mpole. Huuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, nchi, dini. Kisha huuliza kabila, kwa kuwa fomu ina nafasi hiyo. Wazee husita. Wengine hujibu Munyarwanda, naye karani husema hiyo ni nchi, mzee, nimekuuliza kabila. Watoto wao waliozaliwa Kawangware hutazama viatu vyao, au hujibu kwa Sheng jambo linalomchekesha. Karani hungoja, kidole juu ya kibonyezo.